Kabari ya Kushoto

Neno lilimtoka Fundi Mwinyimvua mchana kweupe, mbele ya duka la Saif bin Hamud katika Mtaa wa Mkunguni, na lilipokwisha kutoka hapakuwa na mtu aliyesogea. Hata muuza kahawa, ambaye haachi kugonganisha vikombe vyake hata jeneza likipita, alivishika vikanyamaza mkononi. "Kama gari lile lina kasoro iliyotoka mkononi mwangu," alikuwa amesema, kidole kikiwa juu, "basi mke wangu Zena ana talaka tatu."

Hakuna aliyemwomba aape. Hilo ndilo lililowashangaza waliokuwapo, na ndilo lililowanyamazisha pia, maana mtu anapoiweka nyumba yake mezani kwa hiari yake, nani tena atabaki na hamu ya kubishana naye? Saif mwenyewe, mfanyabiashara mpole wa vitambaa na mwenye gari, alitazama chini kana kwamba ameona kitu cha faragha cha mtu mwingine. Katika mitaa ile mwanamume hamtaji mkewe kwa jina mbele ya wanaume wenzake, seuze kumtaja na talaka katika sentensi moja.

Asubuhi ile gari la Saif lilikuwa limeingia mtaroni. Lilikuwa motokaa ya hudi ya turubai, yenye magurudumu ya miti, ambayo Saif aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya katani aliyekuwa akirudi kwao. Ndani yake alikuwamo mama yake, Bi Thuraya, akitoka kuhani msiba Buguruni. Kwenye mteremko wa kuelekea Msimbazi gurudumu liligonga shimo, shimo la kawaida tu, na usukani ukaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Fikirini, dereva, aliushika kwa nguvu zake zote lakini ukamshinda. Bi Thuraya alivunjika mkono wa kulia, na alipofikishwa nyumbani alikuwa hajalia bado. Alilia alipomwona mwanawe.

Fikirini alipoulizwa alijibu bila hasira. Alisema kwamba usukani umeanza kutetemeka tangu gari lilipotoka kwa Fundi Mwinyimvua kubadilishwa springi za mbele, na kwamba alimwambia fundi mara ile ile. Alinyoosha mikono yake ili watu waone jinsi ilivyokuwa bado inatikisika. Mwinyimvua, aliyekuwa ameitwa kutoka Gerezani na kufika akitweta, aliitazama mikono ile na akaona jina lake linateremka kutoka mahali alipolipandisha kwa miaka mingi. Yeye hakuwa fundi wa kuokotwa. Alijifunza kazi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita, akafungua karakana yake mwenyewe wakati wenzake wote wanaoshika spana walikuwa chini ya mtu. Watu walikuwa wakija tu kumtazama akisikiliza injini kwa kijiti alichokiweka sikioni. Basi akasema kwamba mikono hiyo hiyo inayotetemeka ndiyo iliyoliangusha gari, na ili asijibiwe, akala kile kiapo.

Kilifanya kazi yake vizuri mno. Saif alimgeukia Fikirini akamwomba ule mpini wa kuwashia gari, ambao dereva alikuwa akitembea nao kila aendako kama mzee na bakora yake. Fikirini aliutoa, na kazi yake ikaenda nao. Kisha Saif akamwambia fundi alivute gari mpaka karakana, alichunguze lote, na aje amweleze waziwazi ni nini kilichomvunja mama yake mkono.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua pale mtaani. Kidole kilipokuwa kinapanda, kabla neno halijatoka, picha ilimpitia Mwinyimvua kichwani: mkono wake mwenyewe, mweusi kwa grisi, umeshika kipande kidogo cha chuma, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na mkono umesita. Picha ilipita upesi. Neno likatoka nyuma yake.

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Zena alikuwa ukumbini anadarizi kofia, kazi aliyoifanya tangu usichana wake, na alipomsikia mumewe akivua viatu hakuinua macho. Alisema chakula kiko chini ya kawa. Mwinyimvua alinawa, akakaa, akala tonge mbili tatu za wali ambao haukuwa na ladha, ingawa yeye mwenyewe alijua wazi kwamba wali hauna kosa.

"Baba Saadiya," Zena alisema mwishowe, sindano ikiwa bado inakwenda, "jina langu ulilitaja?"

Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine. Alikuwa na majibu ya kiapo, majibu ya Fikirini, majibu ya wivu wa watu wasiopenda kumwona mwenzao amesimama kwa miguu yake. Akasema alilitaja.

Zena aliweka kofia pembeni. Akachukua kanga iliyokuwa mabegani mwake, akaipandisha kichwani, akajitanda ushungi mpaka nywele zote na shingo zikafichika, hivyo hivyo kama ajitandavyo mtu akibisha hodi mgeni. Alifanya taratibu, bila kumkomoa. Akaeleza kwamba yeye si mwanachuoni, lakini anajua kwamba kiapo kile kinangoja gari. Kama gari ni zima kwa upande wa mumewe, basi wao ni mke na mume kama walivyokuwa jana. Kama sivyo, basi tangu adhuhuri amekuwa amekaa kichwa wazi mbele ya mwanamume asiye wake.

"Mpaka ujue lina nini," alisema, "mimi nitakaa hivi."

Mwinyimvua alitaka kucheka ili jambo liwe dogo, lakini kicheko kilikataa. Walikuwa wamemlea binti hadi akaolewa Bagamoyo, wamezika wazazi wa pande zote mbili, wamegombana mpaka wakachoka kugombana. Hakuwahi kumwona Zena akijifunika kwa ajili yake. Kanga ilikuwa ile ya kila siku, na uso ndani yake ulikuwa ule ule, lakini alijikuta akiinamisha macho. Tonge la mwisho alilirudisha kwenye sahani.

*

Basi akaanza kulichunguza gari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alichunguza huku akiomba asione mahali fulani.

Alilipandisha kwa jeki, akalikalisha mbele juu ya vipande vya mataruma ya reli, ambavyo Gerezani vilikuwa vingi kuliko mawe. Watu waliokuja kutazama kama kawaida yao aliwaambia waende. Wakaenda, wakiwa wamekosa maonyesho. Alianza na mipira. Kama mpira mmoja una upepo mdogo kuliko mwenzake, gari huvutwa upande. Lakini mipira ilikuwa sawa. Akagonga miti ya magurudumu mmoja mmoja kwa mpini wa spana, akisikiliza kama kuna uliokauka na kulegea katika tundu lake. Akaomba apate hata mmoja tu. Miti ile iliitika yote kwa sauti ile ile kavu na imara, na aliichukia kwa uimara wake.

Akazungusha gurudumu huku ameshikilia chaki karibu na ukingo wake, aone kama limepinda. Chaki iliandika mstari usiokatika. Akalishika juu na chini, akalitikisa kusikiliza beringi, akalishika kushoto na kulia, akatikisa tena. Ilikuwa kazi aliyoipenda, na siku nyingine angeifanya huku anaimba kwa sauti ya chini. Alikuwa amewafundisha wengi kwamba ugonjwa wa usukani mtu huutafuta kwa kuondoa: hiki sicho, hiki sicho, mpaka kinabaki kimoja. Hakuwahi kufikiria jinsi inavyokuwa pale ambapo kila kinachoondolewa kinakusogelea wewe.

Kwenye gurudumu la kulia alipata kitu. Pini kubwa inayobeba gurudumu, ile ambayo gurudumu huizunguka kona inapokatwa, ilikuwa inacheza kidogo. Kidogo sana, kama jino linaloanza kulegea, lakini ilicheza. Moyo wake uliruka kwa furaha ambayo baadaye iliendelea kumwaibisha kila alipoikumbuka. Pini hakuigusa alipobadilisha springi. Pini ilikuwa imechakazwa na yule Mzungu kwenye mashimo ya mashambani kwake. Aliitoa bushi iliyolika, ile pete ya shaba inayoishika pini, akachonga mpya, akaigonga mahali pake kwa upole kama anayemlaza mtoto. Bushi kuukuu aliifuta vizuri akaitia mfukoni, iwe ushahidi.

Kisha akalitoa gari, akaenda nalo njia ya magodauni kando ya reli. Polepole lilikwenda vizuri. Akalikanyagia. Lilikwenda vizuri bado, naye akaanza kuyapanga maneno ya kumwambia Zena, akafika hata mahali ambapo Zena anashusha kanga mabegani. Hapo magurudumu yakapanda reli ya kukatiza barabara, na usukani ukafufuka mikononi mwake.

Ulitetemeka, ukatetemeka zaidi, ukampiga viganja, ukampanda mpaka kwenye viwiko. Pua ya gari iliyumba kama inakataa jambo. Alipunguza mwendo, akalisimamisha kando ya ukuta wa godauni, akakaa ndani akitazama mikono yake. Ilikuwa inatikisika jinsi ile ile ya Fikirini. Alikumbuka jinsi Fikirini alivyolirudisha gari karakana siku chache tu baada ya kulichukua, akasema, Fundi, likigonga kitu linatetemeka mbele, hebu litazame. Na yeye, mbele ya watu, alimjibu kwamba labda dereva mwenyewe apelekwe akatazamwe mikono. Watu walicheka sana. Fikirini pia alicheka kidogo, kwa heshima, akawasha gari akaenda zake.

Alirudi karakana akakagua fimbo za usukani na viungo vyake, akafungua na kisanduku cha usukani chenyewe, ingawa alijua ki salama. Alifanya hivyo kama mtu anayezunguka nyumba nzima kutafuta ufunguo alioukalia. Vyote vilikuwa vizima. Zikabaki springi, na springi zilikuwa zake.

Chini ya kila springi, pale inapokaa juu ya chuma kile kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, huwekwa kabari. Ni kipande kidogo, kinaingia kiganjani. Kinakilaza kile chuma nyuma kidogo tu, na ulalo huo mdogo ndio unaoyafanya magurudumu yapende kurudi mbele yenyewe. Zikiwa sawa zote mbili, dereva anaweza kushika usukani kwa vidole. Moja ikigeuzwa, huku panalala nyuma na kule mbele, na magurudumu hayasikilizani tena. Yatavumiliana mpaka shimo la kwanza.

Alilala chini upande wa kulia, akaparua tope na grisi kwa bisibisi. Unene wa kabari ulikuwa nyuma, kama inavyotakiwa. Akahamia kushoto. Hapo alikaa na bisibisi mkononi bila kuparua, akisikiliza treni ikipangwa upya upande wa pili wa ukuta, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine. Aliijua siku ile yote sasa. Karakana ilijaa watu, na mmoja wao, mtu wa reli, alikuwa anamsifu waziwazi kwamba hata kwao hakuna mkono kama ule. Naye alikuwa katikati ya kisa chake cha lori lililokwama wakati wa vita, kisa walichokipenda, na mkono ukaokota kabari ya kushoto kutoka kwenye sinia la mafuta. Swali likamjia: unene ulikuwa mbele au nyuma? Jibu lilikuwa hatua chache tu kutoka alipo. Ilimpasa akatize kisa, azunguke gari, apige magoti na kutazama upande wa kulia aliokwisha kuumaliza, kama mwanafunzi anayechungulia. Mbele ya watu wale. Akaiweka tu, akaendelea na kisa.

Alipoparua, unene ulikuwa mbele.

*

Kuigeuza hakukuchukua muda mrefu. Alipolitoa tena gari, lilivuka reli kama linavuka kivuli. Alilipitisha tena kwa mwendo mkali zaidi, akaachilia usukani kidogo, na gari likashika njia yake lenyewe, nyoofu, limetulia. Hakupata kuona gari lililotengenezwa vizuri likamtia uchungu namna ile. Bushi kuukuu ilikuwa bado mfukoni mwake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumpinga akisema ndiyo iliyokuwa na kosa. Fikirini angebaki bila kazi, Bi Thuraya angebaki na mkono wake, Zena angeshusha ushungi. Na yeye angelala kila siku ubavuni pa mwanamke aliyemrudia kwa kudanganywa. Aliitoa bushi mfukoni, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, kisha akasimama akilitazama pipa.

Baada ya sala ya alasiri alimfuata Sheikh Muhiddin, aliyesomesha watoto nyuma ya soko na ambaye watu wa Kariakoo walimpelekea ndoa zao na talaka zao. Sheikh alikuwa mtu aliyechoka na maneno ya watu, lakini aliyasikiliza. Mwinyimvua alimweleza yote, kabari na kiapo, asitie chumvi wala asipunguze, ila lile swali lililomjia na kabari mkononi hakulieleza. Sheikh alianza kwa kumkaripia. Akasema wanaume wa mji huu wamezoea kuwaweka wake zao rehani kwa ubishi wa barabarani, na wanawake wale hata barabarani hawakuwapo. Mwinyimvua akainama.

Kisha Sheikh akasema kwamba mlango upo. Mtu akiapa juu ya jambo lililokwisha kupita, naye anaamini moyoni kwamba ndivyo lilivyo, halafu likadhihirika kinyume, huyo amekosea tu, na mkewe ni mkewe. Lakini kama alipotamka alijua, au nafsi yake ilikwisha kumwonya naye akatamka tu ili awazibe watu midomo, basi kiapo kimempata, na mkewe si halali yake tena mpaka aolewe na mume mwingine na kuachana naye.

"Kwa hiyo nakuuliza," alisema Sheikh. "Ulipolitamka, ulikuwa na yakini?"

Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti ukumbini, kila mmoja aya yake. Mwinyimvua aliuona mlango ule umefunguliwa mbele yake, mpana, na hakuna aliyeusimamia isipokuwa yeye.

"Nilikuwa na yakini," alisema.

Sheikh Muhiddin akasema yeye huhukumu kwa kile anachoambiwa. Kinachobaki ni cha mwenyewe. Akamwombea heri, akarudi kwa watoto wake.

*

Alikwenda dukani kwa Saif akiliendesha gari mwenyewe, na akasimama mahali pale pale alipoapia, maana alikuwa amekata shauri kwamba lile linaloweza kusemwa atalisema lote. Watu walijikusanya tena. Akawaambia kwamba kosa ni lake. Springi aliziweka yeye, kabari ya kushoto akaigeuza yeye, na Fikirini hana hatia hata ya ukucha. Akawaambia vilevile kwamba Sheikh amemuuliza juu ya kiapo na amemwambia ndoa yake ni salama, kwa kuwa aliapa bila kujua.

Hakutegemea kilichofuata. Walimsifu. Muuza kahawa alimpa kikombe na akakataa malipo. Mmoja alisema wanaume wa kukiri kosa mbele za watu wamekwisha siku hizi, na mwingine akasema, mwanamume ni huyu. Saif alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa amekuja kuaibishwa, alijiandaa kwa hilo, na badala yake wakamvisha heshima asiyoweza hata kuivua. Alikunywa kahawa ile kwa haraka ikamchoma ulimi.

Sauti ya Bi Thuraya ilitoka nyuma ya pazia la duka, nyembamba, ya mtu ambaye hakulala kwa maumivu. Alisema mkono wake umefungwa banzi na utaunga, hana kinyongo na fundi. Kisha akauliza, "Na mkeo yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani kwake, Bibi."

"Kwake," Bi Thuraya alirudia.

Fikirini aliitwa kutoka sokoni, alikokuwa ameanza kubeba magunia. Saif alimrudishia ule mpini wa gari na maneno mazuri ya kuomba radhi. Fikirini aliupokea, akaujaribu uzito wake mkononi, akaenda moja kwa moja mbele ya gari akachuchumaa kuitazama kabari ya kushoto, ikiwa imefutwa safi. Mwinyimvua alichuchumaa kando yake, kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa. Akamwomba msamaha kwa sauti ya chini. Fikirini akamsamehe, upesi, kama watu wanavyosamehe mbele ya wengine.

"Lakini fundi," alisema, macho yakiwa bado kwenye kabari, "siku ile nilipokurudishia gari, hukulitazama."

"Sikulitazama."

"Na wewe hakuna gari usilolitazama. Hata la kupita njia."

Halikuwa swali, wala halikusemwa kwa ubaya. Fikirini alisimama, akafuta mikono kwenye shuka yake, akaingiza mpini akaliwasha gari kwa mzunguko mmoja. Mwinyimvua alibaki amechuchumaa mpaka lilipoanza kuondoka.

*

Zena alikuwa ukumbini, na ushungi wake ulikuwa pale pale. Kofia aliyokuwa akiidarizi ilikaribia kwisha. Habari ilikuwa imeshafika, bila shaka, kwa maana jirani mmoja alikuwa anatoka anatabasamu, na uani kulikuwa na harufu ya samaki wa kupaka, chakula alichokipenda Mwinyimvua kuliko vyote na ambacho Zena hakukipika ila siku za furaha. Alikaa kwenye mkeka mbali naye kidogo. Akasimulia gari, akasimulia Sheikh, akasimulia sifa za mtaani kwa haraka ili zipite. Zena alisikiliza. Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama machoni.

Alisema ameshukuru kwamba Fikirini amerudishiwa kazi yake. Alisema Sheikh Muhiddin ni mtu mwenye elimu, naye hana la kuongeza kwa elimu yake. Mikono yake ikapanda, ikashika pindo la kanga pande zote mbili za uso, na ikakaa hapo.

"Lakini Sheikh hakuolewa na wewe," alisema. "Mimi nikiushusha ushungi huu, nitaushusha kwa neno lako, si kwa lake. Niambie mimi basi. Uliponyanyua kile kidole, ulikuwa na yakini?"

Sauti yake haikuwa ya kumtega. Alikuwa anangoja jibu jepesi, kama mtu aliyekwisha kuliona, na nywele chache nyeupe zilikuwa zimeanza kuchungulia pale kanga ilipovutika. Neno lilikuwa lile lile alilompa Sheikh, na lingetosha. Lilikuwa dogo. Mwinyimvua alifungua mdomo alitoe, na akaona mkono wake mwenyewe, mweusi kwa grisi, umesita juu ya sinia la mafuta, na mtu wa reli anacheka.

Aibu ilimpanda, na haikuwa aibu ya watu, kwa maana watu walikuwa wamemsifu. Aliitazama mikono ya Zena kwenye pindo lile, vidole vilivyochomwa na sindano miaka yote, vinangoja.

"Usiushushe, Zena," alisema.

Mikono ya Zena ikaivuta kanga mbele, zile nywele nyeupe zikafichika. Zena aliinuka, akaenda uani. Mwinyimvua alisikia samaki akiepuliwa, chungu kikiwekwa chini, maji yakimiminwa. Aliporudi alipita kando yake na sinia, wali na samaki na bakuli la maji ya kunawa, akatoka nalo mpaka nje, akamwandalia barazani, mahali wanapoandaliwa wageni.